Nati Isiyofikika

Katika karakana ya chuo kimoja cha Koimbatore, kusini mwa India, siku ya ibada ya zana, zana zinapopumzishwa na kubarikiwa, hakuna aliyegusa hata bisibisi. Meza ilitandikwa shuka jeupe, kompyuta ikapakwa msandali na doa jekundu, na katikati ya maua kikawekwa kishikizo cha mkia wa ndege ndogo ambayo wanafunzi walikuwa wakiiunda kwa ajili ya mashindano. Kilikuwa kielelezo cha plastiki, kazi ya Thenmozhi.

Kathiravan, mwana wa fundi baiskeli, alikitazama kutoka mlangoni. Wiki tatu alikuwa amechora cha kwake kwenye kompyuta, akipunguza uzito gramu baada ya gramu. Thenmozhi alichora siku nne tu, na chake kikachaguliwa.

"Chukua dengu, kaka," alisema Thenmozhi, akimnyooshea bakuli. "Au hata kula nimekushinda?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, kununa?"

Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kishikizo, na hapo akaona jambo. Kwenye kompyuta boliti hujiingiza zenyewe, lakini kati ya nati ya boliti moja na ukuta wa kishikizo hapakuwa na nafasi ya spana, wala ya kidole cha mtoto. Kesho yake, siku njema ya kuanzia kazi, mashine ingekichonga kwa alumini, na timu ilikuwa na kipande kimoja tu. Ilitosha anyamaze, Thenmozhi aaibike. Mchana kutwa aliumumunya ukimya ule kama peremende.

Asubuhi, mwalimu wao, Bwana Arokiasamy, alikibana kile kipande kwenye mashine. Kathiravan akamkumbuka baba yake, magoti chini, vidole vikichubuka, akimlaani kimyakimya mtu asiyemjua aliyeificha nati mahali kama pale.

"Mwalimu, subiri kidogo," alisema. "Hii nati ataikaza nani?"

Thenmozhi alikigeuzageuza kielelezo, akajaribu kupenyeza spana, ikagoma. Akaketi kwenye kompyuta. Haikupita nusu saa, akawa ametoboa dirisha ubavuni mwa mchoro. Spana ingepita, na kishikizo kikawa chepesi kuliko mwanzo.

"Dirisha zuri, binti," mwalimu alisema.

"Si langu, mwalimu. Aliyeliona ni Kathiravan."

Alilisema hilo hata hajainua macho, kama mtu anayetaja saa. Kathiravan akajitia kuifuta spana. Wepesi wa mikono ya Thenmozhi alikuwa amekwisha kuuzoea. Sasa aliuonea wivu ule ulimi wa msichana, ulioitoa sifa bila kugharimika, ilhali wake yeye ulikuwa umepigania sentensi moja tangu jana.