Ua Lililobeba Jina la Farida

Saa mbili asubuhi, jembe la Somoe Athumani linazama chini ya mkorosho na kuibuka na kiazi cheusi, kidogo kama kidole gumba. Anakiokota, anakitia kwenye kiroba, kisha anaingiza mkono tena shimoni. Kikibaki kimoja tu, kazi yote imekuwa bure.

Mkorosho wenyewe hauonekani. Kuanzia shinani hadi matawini umefunikwa na mmea mtambazi wenye maua ya pinki, mazuri kiasi kwamba mgeni angesimama kuyatazama. Korosho zilizodondoka zimemezwa na majani.

"Farida huyo," anasema Jafari, mwenye shamba, akiuonyesha kwa panga mkorosho wa pili. "Nimemkata juzi, leo kachipua. Mshenzi huyu, mama. Hana haya."

Somoe anaendelea kuchimba. Farida lilikuwa jina la binti yake.

Mama huyu wa miaka hamsini na tisa anauza miche kando ya barabara hapa Mpapura, wilayani Mtwara. Mche wa mstafeli ni shilingi elfu mbili, mpapai mia tano, na wiki mbaya hapati hata ya sukari. Mmea ule haukuwa wa kuuza. Farida, aliyekuwa fundi cherehani, aliuleta kutoka Dar es Salaam, kitawi kimoja ndani ya chupa ya maji, akauchomeka kwenye uzio wa mama yake.

Alipofariki kwa maradhi ya figo miaka minne iliyopita, Somoe alikata vitawi na siku ya arobaini akawagawia wanawake waliopika na kuchota maji msibani.

"Niliwaambia, hii sadaka ya Farida. Ukichanua, muombeeni," anasema. "Jina wameupa wao wenyewe. Nilifurahi sana."

Uliota kila ulipochomekwa, kisha ukaruka nyua. Walioona umezidi waliufyeka na kuutupa shambani, Somoe akiwa mmoja wao, kumbe viazi vilivyobaki ardhini vilikuwa vikingoja tu. Bwana shamba wa kata aliwaambia wachimbe mizizi yote na kuichoma kabla ya mvua. Sasa ni Novemba, na mawingu yameanza kukaa upande wa mto Ruvuma.

Kivulini, Riziki, mke wa Jafari, anatenganisha korosho na mabibo. Ni mjamzito. "Mimi nilishasema, akiwa wa kike ni Farida," anasema kwa sauti ndogo. "Tulikaa naye dawati moja."

"Mtoto wangu simpi jina la gugu," Jafari anamkata. "Wenzake si watamcheka? Kwanza mikorosho yangu ipumue."

Somoe anafunga kiroba. Nyumba nyingine zote alizogawia vitawi zimeshamruhusu achimbe. Moja imebaki, nayo ndiyo anayoiogopa: kwa Bi Mwajuma, mwosha maiti.

"Karibu," anaitikia Bi Mwajuma. "Jembe liache nje."

"Jembe ndilo lililonileta, dada."

"Mwanao nilimwosha kwa mikono hii. Ukanipa kitawi, ukasema sadaka yake. Leo umekuja kuidai?"

"Siidai. Nimekuletea mstafeli."

"Mstafeli! Na huo ukizaa, utaufuata?" Bi Mwajuma anacheka bila furaha. "Mkorosho nao ni mgeni, ulikuja na meli. Nenda kaung'oe basi!"

"Mkorosho unakaa ulipowekwa, dada."

"Unamkatia mwanao thawabu. Unalijua hilo?"

Somoe anakaa kizingitini. Hilo ndilo linalomnyima usingizi. Tangu utotoni amefundishwa kwamba mtu akinufaika na mti wa sadaka, thawabu humfikia marehemu. Na anayeumizwa nao je? Marehemu humfikia nini?

"Asubuhi Jafari kasema Farida ni mshenzi," anasema taratibu. "Kasema hana haya. Wewe ndiye uliyemvika sanda, dada. Mwanangu hakuwa na haya?"

Bi Mwajuma anamtazama, kisha anageuka na kuingia ndani. Kuku wanapekua chini ya uzio uliojaa maua. Somoe anabaki pale pale, hajui kama amefukuzwa au la.

Bi Mwajuma anatoka kanga imefungwa kiunoni, jembe mkononi.

"Haya, Mama Farida, shika upande ule. Huku nachimba mwenyewe. Wewe unaacha mizizi."

Kwa mara ya kwanza leo, Somoe anacheka.

Kilichobaki ni uzio wa nyumbani kwake, wenye shina lile la kwanza ambalo Farida alilichomeka mwenyewe. Amelizunguka mara nyingi na jembe, akarudi ndani. "Kesho Bi Mwajuma atakuja. Peke yangu siwezi," anasema.

Kwenye khitma ijayo ya Farida anakusudia kugawa mistafeli na milimau. Mche asioujua hautatoka tena kwake kabla hajaishi nao. "Nitaupanda kwangu kwanza, niione tabia yake mvua na kiangazi. Si uzuri wa ua tu."

Riziki anatarajia kujifungua Januari. Somoe hajamwomba Jafari chochote, na anasema hatamwomba.

"Nataka tu siku moja hapa Mpapura mtu aite, 'Farida!'" anasema, akiokota kiazi cha mwisho chini ya uzio wa Bi Mwajuma. "Mtoto aitike. Na asiwepo wa kushika panga."