Fundi Aliyesema "Sijue"

Mtaa mzima wa Kadutu ulijua kwamba Papa Zagabe hushona vizuri na hudanganya vizuri zaidi. Ukimpelekea kitenge Jumatatu, atakuambia uje Jumatano. Jumatano umeme umekatika. Ijumaa atakuapia kwamba vimebaki vifungo tu, na kitenge chako kiko palepale kwenye rundo, mkasi hakijauona. Wateja walimgombeza, wakacheka, wakarudi.

Ndiyo maana Maman Sophie, mkubwa wa akina mama wa parokia, alishtuka siku ile. Sikukuu ya parokia ilikuwa imebaki majuma matano, naye alikuwa amemwachia vitenge vya blauzi thelathini. Akaja kumchokoza kama kawaida.

"Papa Zagabe, kesho njo tutavaa?"

"Sijue, maman," alijibu bila kuinua uso. "Sijue kama itaisha."

Maman Sophie akakaa kwenye benchi, na huyo si mwanamke wa kukaa ovyo.

Kwa kweli Zagabe hakujua. Ulikuwa mwezi wa pili sasa anaamka kabla ya jogoo na kuchoka kabla ya chai. Msiba haukuwapo, ugomvi nyumbani haukuwapo. Hata sambaza za mkewe Francine, visamaki vya ziwani ambavyo wengine wangevipigania, hazikuwa na ladha. Francine alimpeleka kupima malaria mara tatu, na mara tatu haikuonekana. Akamnunulia dawa ya malaria hata hivyo, kwa sababu huku kwetu mtu akinyamaza ni malaria, na akisema sana ni malaria imepanda kichwani. Zagabe alimeza yote kwa utii. Masikio yakamvumia, huzuni ikabaki palepale.

Aliogopa jambo moja, wala hakumwambia mtu: akina mama wakivichukua vitenge na kumpelekea Gaston, fundi wa ng'ambo ya barabara, asubuhi hatakuwa na sababu ya kutoka kitandani.

"Utabeba vitenge?" aliuliza.

"Nitabeba weye kwanza."

Maman Sophie alimkokota mpaka kituo cha afya, kwa nesi Clémence, binti wa dada yake. Clémence hakushika sindano. Aliuliza analala vipi, anakula vipi, na kama anawaza kufa. Hapana, alisema Zagabe, hilo hapana. Hana tu hamu ya kitu.

"Na papa, ulichekaka mara ya mwisho lini?"

Zagabe alitaka kusema "juzi", uongo mwepesi kabisa kwa mtu wa kazi yake, nao ukakataa kutoka. Yakatoka machozi. Aliona aibu sana, na Maman Sophie akapata ghafla shughuli kubwa ndani ya mkoba wake.

"Haiko malaria," Clémence alisema. "Iko huzuni yenye iliingia na ikakaa. Haiko wazimu, haiko uvivu. Ingali nyepesi, tutaifuata."

Akampa maagizo: kila asubuhi ashuke kwa miguu hadi mtaa wa Nyawera na kupanda tena, ashone blauzi moja kwa siku, siku ikiwa mbaya amwambie Francine, na arudi kwake kila juma, mapema zaidi ikizidi. Francine alipoelezwa alimshika mkono.

"Na miye nilikuwa nakugombeza juu ya chakula," akasema.

Zagabe akawa anashuka na kupanda, magoti yakilalamika. Kuna siku hakwenda. Kuna siku blauzi ya siku ilikuwa mkono mmoja tu. Juma la nne, alipokuwa akirudi, alimwona Gaston amepachika mkono wa koti nyuma mbele na mteja analivaa hivyohivyo. Zagabe alicheka mpaka akaketi kando ya njia. Jioni alikula sambaza, akaomba nyingine.

Siku mbili kabla ya sikukuu, blauzi ishirini na tisa zilikuwa zimekunjwa mezani. Maman Sophie alizihesabu mara mbili.

"Na yangu?"

Kitenge chake kilikuwa kwenye rundo, kizima, na wote wawili walikuwa wanakiona. Zagabe aliinua uso.

"Yako, maman? Imebaki vifungo tu. Pita kesho asubui."

Maman Sophie aliutambua uongo ule wa zamani, machozi yakamlengalenga.

"Nitapita, papa," akasema.

Siku ya sikukuu, akina mama ishirini na tisa waliingia kanisani na blauzi mpya. Maman Sophie alivaa ya mwaka jana, na ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote.