Barua Aliyoipiga Sikuzani

Nassibu bin Mfaume alimwoza dada yake kwa barua ambayo dada huyo aliipiga taipu mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kujua inasema nini. Sikuzani alikuwa na miaka kumi na mitano, na bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijamaliza mwaka pale mjini Tabora.

Taipureta ilikuwa ya marehemu baba yao, aliyekuwa akiwaandikia watu barua za maombi barazani kwake mtaa wa Mtendeni. Alipofariki, Nassibu aliirithi pamoja na wateja. Akaiingiza chumba cha uani, akaiweka juu ya sanduku la majani ya chai, chini yake gunia lililokunjwa ili isipige kelele. Kiti kilikuwa kinu kilichopinduliwa. Pembeni palikuwa na kopo la mafuta ya cherehani, kitambaa, na sindano ya kuchokolea uchafu ulioganda ndani ya herufi. Kazi ya sindano ilikuwa ya Sikuzani. Tope lile jeusi, zito kama nta ya sikio, alijifutia kwenye gauni lake, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha mashine.

Shule alipelekwa Nassibu. Lakini Nassibu hakupenda kukaa. Alipenda kuchana nywele na kusimama stesheni akitazama wanaoshuka. Basi akabuni njia. Barua za wateja aliziandika kwa herufi kubwa, moja moja, akamwambia Sikuzani atafute alama kama hiyo kwenye vitufe, abonyeze, aende inayofuata. Aliahidi kwamba akishaizoea mashine atamfundisha kusoma. Siku hiyo haikufika.

Jambo moja lilimtatiza binti. Alibonyeza alama moja, karatasini ikatoka nyingine. Kwenye kitufe ilisimama kama paa la nyumba lenye boriti katikati. Karatasini kilitoka kidude chenye tumbo. Hakujua kwamba ni herufi ile ile, kubwa na ndogo. Alidhani mashine ina lugha yake, wanayoijua wasomi tu. Kwa hiyo hata angetaka kukagua alichokipiga, asingeweza. Aliviamini vidole, na vidole havikukosea. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo: kwamba alijivunia.

Asubuhi ya barua ile Nassibu hakwenda stesheni. Alisimama nyuma yake mpaka mwisho, akilamba kidole na kushika karatasi, hata ukingo ukalowa mate.

"Hii ndiyo safi kuliko zote, Siku," alisema. "Hata baba asingeipiga hivi."

Siku ya kumi baada ya barua hiyo Sikuzani aliambiwa kwamba anaolewa na Ghalibu, mfanyabiashara wa Goweko, mzee wa ndevu za hina aliyekwisha kuzika wake wawili. Ghalibu alikuwa na jamaa katika ofisi ya serikali, na Nassibu alikuwa akitafuta kazi ya ukarani. Siku ya ndoa Sikuzani akafanya jambo ambalo mabinti wa Mtendeni hawakulifanya. Alitoka ndani, akamfuata shehe barazani mbele ya wageni, akasema hataki.

Shehe alisimamisha shughuli, akamuuliza Nassibu. Nassibu akatoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti tamu: Sikuzani binti Mfaume amekubali kwa moyo wake, na ili pasiwe na shaka, barua hii ameipiga yeye kwa mkono wake.

"Mwanangu, umeipiga wewe?" shehe aliuliza.

"Nimeipiga. Lakini sikuisema."

Watu wakacheka. "Mtazameni," akasema shangazi yao, Zamda. "Mkono umekubali, mdomo unaringa. Mwali gani asiyeringa?"

Shehe naye akatabasamu, barua akakabidhiwa Ghalibu, na ikawa imekwisha.

Ghalibu hakumpiga. Alichofanya ni kumgeuza kichekesho cha dukani. Kila mgeni alielezwa kwamba mke huyu alimwandikia barua mwenyewe, hakuweza kungoja. Alisema hayo huku akichokoa meno, miaka kumi na miwili, mpaka binti yao, Mwanamkuu, akakua akijua kwamba mama yake ndiye aliyemtaka baba.

Ikaja operesheni ya vijiji. Duka likaezuliwa, wakahamishiwa kwenye nyumba za mstari, na Ghalibu akafa kwa kifua mvua za kwanza. Huko kijijini Sikuzani aliingia kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao, Nyamizi, msichana wa darasa la saba, aliandika ubaoni A kubwa, pembeni yake a ndogo, akasema hizi ni moja. Sikuzani alitoka akatapika nyuma ya darasa. Wenzake wakamtania kwamba mjane ana mimba.

Alipoweza kuunganisha maneno, alifungua sanduku la Ghalibu, akaikuta barua, akaisoma siku mbili kwa kidole. Jina lake lilikuwamo mara tatu. Hapakuwa na kosa hata moja.

Akapanda treni kwenda Mtendeni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Siku. Nasikia siku hizi tunasoma."

"Tunasoma. Njoo umwambie Mwanamkuu kwamba sikukubali."

Nassibu alicheka, tumbo likatikisika. Alisema sasa yeye ni katibu wa msikiti, ana heshima zake. "Umezaa, umelea. Unataka nini tena?"

Chai aliyoletewa Sikuzani aliiacha ikashika utando.

Sasa Mwanamkuu ana miaka kumi na saba, na anaposwa. Juzi alipomwambia mama yake kwamba hamtaki mchumba, mama akasema asilazimishwe. Binti akamjibu, "Wewe ulijichagulia, mama. Utajuaje?"

Nassibu bin Mfaume anadaiwa maneno matatu: dada yangu hakukubali. Anadaiwa kuyasema kwa mdomo wake, pale pale barazani, Mwanamkuu akisikia, na shangazi Zamda, ambaye bado yu hai na masikio yake ni mazima. Mpaka leo hajayasema.