Nafasi ya Nyuma ya Viti

Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na pale Zuffenhausen, mtaa wa viwanda huko Ujerumani, kupata chumba ilikuwa bahati. Gundel Häfele na mumewe Eugen walikuwa na kimoja, pamoja na mama yake Eugen, pazia katikati. Gundel akijigeuza tu kitandani, sauti ilitoka upande wa pili: "Hulali?"

Kazi ndiyo iliyomtoa humo. Kila asubuhi alishuka ngazi akaenda kwenye karakana ya mabodi ya magari, ambako kampuni changa ya magari ya mbio ilikuwa imepanga kona. Watu wake walikuwa wameanzia kwenye banda la kupasulia mbao huko milimani Austria, wakigonga mabati kwa nyundo juu ya kalibu ya mti. Sasa walikuwa wamerudi mjini, na jengo lao bado lilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Kimarekani. Basi wakabanana. Hata gari lenyewe lilikuwa la kubanana: la mviringo, injini nyuma, na kati ya injini na viti kijinafasi ambacho mbwa angekigomea. Gundel alikuwa mdogo wa umbo, kwa hiyo yeye ndiye aliyejikunja humo kubandika kitambaa cha dari.

"Wewe ukinenepa tu, tumefunga duka," Friedel, mshonaji mwenzake, alimtania.

Gundel alicheka, huku akivuta aproni mbele. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Eugen peke yake ndiye aliyejua. Wanawake waliowahi kuonekana na tumbo pale, msimamizi, Bwana Schwenk, aliwarudisha nyumbani kwa maneno mazuri, na hawakuonekana tena. Gundel alipofikiria kushinda mchana kutwa kando ya lile pazia, alizidi kulificha lake.

Siku moja daktari mmoja alikuwa anakuja kuchukua gari lake. Viti vilishafungwa, ndipo kitambaa kikaachia juu ya kioo cha nyuma.

"Gundel, mwanangu, ingia humo mara moja," alisema Bwana Schwenk.

Aliingia kiubavu, akabandika, akasugua kwa kiganja mpaka kikatulia. Akageuka atoke. Mabega yakapita. Tumbo likagoma.

Alijaribu tena. Harufu ya gundi ilimjaa kooni. Mtoto akapiga teke, kana kwamba naye amechoka kubanwa.

"Toka basi, mgeni kafika!" Friedel aliita.

"Siwezi."

"Huwezi nini?" Friedel akaingiza kichwa, akaona mkono wa mwenzake umeshika tumbo. "Yesu wangu! Na mimi nikasema unanenepa kwa tambi za mama mkwe!"

"Nyamaza, Friedel. Fungua kiti."

"Spana anayo Schwenk."

Bwana Schwenk alikifungua mwenyewe, daktari amesimama kando, kofia mkononi. Kisha akamshika Gundel mkono, akamtoa taratibu kama mtu anayetoa yai kiotani.

"Ungeniambia, mama," alisema. "Mimi sikufukuzi, mikono kama yako nitaipata wapi? Nitakuletea cherehani nyumbani, utashona ngozi za viti umekaa. Mama mkwe yupo, atakusaidia mtoto. Si vizuri?"

"Asante, Bwana Schwenk," alisema Gundel, akaivua aproni.

Cherehani, pamoja na ngozi za viti, ilipandishwa na wanaume wawili. Ili itoshe dirishani, kitanda kilisukumwa mpaka kikagusa pazia. Mama mkwe alizipapasa zile ngozi, akaridhika.

"Sasa hata mchana tuko wote," alisema. Akachukua kibao cha zamu ya kufagia ngazi, ambacho wapangaji walipokezana, akakining'iniza kwenye mlango wao. "Na kwa kuwa hutoki, ngazi ni zako."

Chini barabarani gari moja lilipita likinguruma, na Gundel akalitambua kwa mlio. Mtoto akajigeuza tumboni.

"Huko kwako unaenea?" alimnong'oneza.

"Unaongea na nani?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.