Nilivyouza Watamu Nikiwa Kitale

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi alinionyesha meza, simu, na picha ya ufuo wa Watamu iliyobandikwa ukutani. Akaniuliza kama nimewahi kufika Pwani. Nikamwambia sijawahi kupita Nairobi. "Vizuri sana," akasema, akacheka. Sikuelewa kilichomchekesha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hapa Kitale, katika ofisi ndogo ya safari juu ya duka la mbolea. Nyinyi mnaopanga safari kwa simu hamwezi kujua. Mteja alipanda ngazi, akaketi, nawe ukamuuzia kwa mdomo. Msimu wetu ulikuwa Desemba, mkulima akishauza mahindi na walimu wakishafunga shule. Tuliuza kwa kundi, yaani watu wa kujaza basi: kwaya, chama cha akina mama, walimu wa shule moja. Ilibidi pia umweleze mtu "fulu bodi" ni nini, kwamba chakula chote kimo ndani ya bei, maana akina mama wa Kachibora walitaka kubeba unga wao.

Nami niliuza, bana! Nilisoma vijitabu vyote vya hoteli, nikawahoji madereva mpaka wakawa wananikwepa. Nilimwambia mteja: asubuhi anza na mahamri na mbaazi, mkate achana nao, mkate uko hata Moi's Bridge. Maji yakipwa, yaani bahari ikirudi nyuma, unatembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga katikati ya maji. Panda boti yenye kioo sakafuni, uone samaki wakipita chini yako. Jua likizidi nenda Gede, kwenye magofu yaliyo ndani ya msitu, kuna kivuli. Jioni usifanye chochote. Kaa mchangani, kunywa dafu, acha watoto wachimbe mashimo. Mwalimu mkuu mmoja alilipia kwaya nzima kabla sijafika kwenye dafu.

Sasa, kila kundi lilihitaji msindikizaji, mfanyakazi wa kuangalia watu wasipotee na kugombana na hoteli kwa niaba yao. Kila Desemba Mkurugenzi alimtuma Nekesa. Nekesa, ambaye nilimtangulia kazini! Mimi nilijaza mabasi, yeye akayapanda. Nilimwonea wivu mpaka chai ikawa hainishuki.

Watu wa huku wakienda Pwani hurudi na maji ya bahari kwenye chupa, waliobaki nyumbani waonje waamini kweli ni chumvi. Nekesa akaniletea chupa yangu, na halua juu.

"Onja, dada. Usiseme nilikusahau."

"Na kule ni aje?" nikamuuliza.

"Aah, joto tu. Na mbu. Halafu hakuna kitu ya kufanya, ati unakaa tu hivi."

Hakuna kitu ya kufanya! Nilitaka kumrushia ile halua. Alipotoka nilifunga mlango, nikaonja yale maji. Nikayatema. Nikayaonja tena.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bungoma, karibu na msikiti. Meneja wa tawi, mzee mpole wa pale mtaani, aliona haya kunitazama nikiuza safari nisizokwenda, akanipangia niongoze kundi la Desemba. Nilishona hadi deraa. Wiki ya safari Mkurugenzi akapiga simu: aende Nekesa. Nikapanda gari la Kitale asubuhi hiyo hiyo.

"Mkubwa, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Mama Naliaka. Keti."

"Sikai. Mbona ni Nekesa tu kila mwaka?"

Akafunga mlango. "Nekesa alikuwa anauza vizuri kama wewe. Alipoona bahari, akaanza kuambia wateja ati kuna joto. Wewe ukiongea Watamu, mtu anatamani akupeleke mwenyewe. Hiyo hamu yako ndiyo inajaza mabasi. Nikikutuma, itaisha."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilisikia raha kusifiwa. Nikarudi Bungoma, nikaendelea kuuza mpaka nilipostaafu mwishoni mwa miaka hiyo ya elfu mbili, nikapewa blanketi na hotuba ndefu. Deraa halikuwahi kuvaliwa. Vijana, mtu akisifu hamu yako, muulize inamfaidi nani.

Mwaka uliofuata binti yangu Naliaka alinipeleka Watamu. Njia nzima niliogopa kwamba Mkurugenzi alisema kweli, nitafika nione ni maji tu. Joto lilikuwepo, na mbu pia. Lakini bahari, jamani! Ilikuwa nzuri kuliko yote niliyowahi kusema. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naipunja, na kama ningeiona mapema ningejaza mabasi mara mbili!

Maji yalipopwa, watu wakaanza kutembea kwenda kwenye fungu la mchanga. Nami nikatoka. Sikufika hata nusu. Goti lilikataa, nikaketi kwenye maji ya kina cha kifundo, na nguo zangu.

Naliaka akaja mbio. "Mama, si umefurahi lakini? Mbona unalia?"

Nikamwambia nimefurahi. Lakini nilikuwa nawatazama wale waliokuwa wakienda, na nikawaonea wivu wakulima wangu, walimu wangu na kwaya zangu, wote niliowatuma hapa wakiwa na magoti yao mazima.