Saa Kumi ya Nani?

Saa kumi alfajiri, kwa saa ya ukutani zizini mwake, Elbia Irigaray anamwingiza ng'ombe wa kwanza kati ya thelathini na wanane kwenye sehemu ya kukamulia. Redio ya jikoni inatangaza kuwa ni saa kumi na moja. Elbia hajali.

"Serikali ikitaka kusogeza saa mbele kila kiangazi, isogeze," anasema huku akipangusa chuchu za ng'ombe kwa kitambaa. "Huyu hajaambiwa."

Wafugaji wote wa Paso del Sauce, mashambani Uruguay, hukamua kwa saa ya zamani. Saa hiyo ndiyo iliyomponza Elbia.

Alfajiri ya Krismasi iliyopita, mama huyu wa miaka 57 aliona mwanga mwekundu ukielea juu ya mikaratusi, upande wa mashariki. Ulishuka ukapotea nyuma ya ghala. Punde si punde marobota arobaini ya nyasi kavu, akiba ya ng'ombe ya majira yote ya baridi, yakawa yanawaka.

Jeshi la anga lina ofisi inayochunguza mianga ya namna hiyo. Elbia alipiga simu, na baada ya siku tisa akaja Sajini Wáshington Bentancor na daftari lake. Aliuliza ilikuwa saa ngapi, akajibiwa saa kumi. Alikunywa chai ya yerba, akashukuru, akaenda zake.

Barua ilifika mwezi wa tatu. Ilisema ule mwanga ni sayari ya Zuhura ikichomoza, na kwamba shahidi hana mazoea ya kutazama anga.

Hapo alichemka, na hajapoa hadi leo. "Miaka ishirini na sita naamka na Zuhura. Naijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu. Eti sina mazoea!"

Kijiji nacho kikapata cha kutafuna. Wa kwanza alikuwa jirani yake, Rubén Cabrera, ambaye kila mkesha wa Krismasi hurusha maputo ya karatasi yenye moto ndani hadi alfajiri, kama alivyofanya babu yake.

"Bi Elbia, wageni wako wa Zuhura wanakunywa maziwa?" alimuuliza dukani, watu wakicheka.

Elbia alipoomba kikao cha kijiji kipige marufuku maputo wakati wa ukame, aliambiwa jeshi limeshasema ni nyota, na nyota haichomi nyasi. Wengine walinong'ona kuwa alisahau sigara ghalani. Hajawahi kuvuta.

Mwezi wa nne, akikarabati uzio nyuma ya ghala, aliokota waya uliopindwa duara, vipande vya karatasi nyekundu iliyoungua bado vimeung'ang'ania. Alipanda basi hadi Montevideo na kuutua mezani kwa sajini.

"Sajini, uliandika saa kumi ya nani?"

"Saa kumi ni saa kumi, Bi Elbia."

"Ya kwenu au ya ng'ombe, mwanangu?"

Bentancor, mtoto wa mjini, alirudia hesabu. Saa kumi ya Montevideo, Zuhura ilikuwa usawa wa mikaratusi. Saa kumi ya zizini, saa nzima baadaye, ilikuwa imeshapanda juu ya tangi la maji, palepale Elbia alipomwonyesha siku alipokuja na daftari.

"Aliniambia ameona vyote viwili, sayari na ule mwanga," anakiri sajini. "Nikaandika kimoja. Nilidhani anajichanganya."

Barua mpya ilifika mwezi uliopita: ni puto la karatasi, saa ilinukuliwa vibaya, shahidi ni wa kuaminika.

Cabrera anasema mila ya babu yake haiondolewi na karatasi. Krismasi imebaki wiki mbili, na nyasi zimekauka tena.

"Hakuna kiumbe wa angani aliyenichomea marobota," anasema Elbia. "Ni mtu wa hapa hapa, na nitamwambia mbele ya wote."

Kikao ni Jumapili, saa nne. Katibu hakuandika ni saa nne ipi. Elbia ameshautia ule waya ndani ya ndoo ya maziwa, tayari kwa safari.

"Nitafika kwa saa yao mpya," anasema, "na nitakaa mpaka ya zamani ipite. Hawatasema sikuwepo."