Ruta moja, mitandao miwili Katonga

Tarehe 6 Machi 2023 Diana Havyarimana aliajiriwa kuwa fundi wa chumba cha ubaridi cha kikundi cha wauza samaki, Katonga. Kazi yake kubwa ni moja: joto likipanda mle ndani, simu yake ilie. Kipimajoto hutuma taarifa kupitia ruta ileile ya intaneti ambayo wauzaji hupokelea oda za wateja wa Tabora na Dar es Salaam.

Mwaka huu simu imeshindwa kulia mara mbili. Mara ya pili samaki aina ya migebuka waliharibika, na baadhi ya wanachama wakaondoa samaki wao. Mwenyekiti, Mzee Feliksi, alimwambia Diana bila ukali kwamba ikitokea tena chumba kitafungwa.

Diana alibadilisha betri ya kipimajoto, akabadilisha na nyaya. Kosa alikuja kulikuta kwenye simu ya Mama Bariki, muuza migebuka aliyelalamika kuwa picha hazifunguki. Alipofungua mipangilio ya simu hiyo aliona namba ya kipimajoto chake. Kwenye mtandao kila kifaa kina namba yake. Viwili vikishika moja, kimoja hunyamaza.

"Hii umeitoa wapi, mama?"

"Pale ukutani. Ndiyo namba ya kasi, kila mtu anajua."

Fundi aliyemtangulia ndiye aliyeiandika juu ya mlango asije akaisahau. Wauzaji wakaamini kwamba fundi hajiwekei kitu kibaya. Mnunuzi mgeni alipofika, aliwekewa namba hiyo kwenye simu hata kabla ya kutajiwa bei.

Kupaka rangi ukuta kusingesaidia, maana namba ilikwishasambaa. Diana aliigawa ruta ndani kwa ndani: mtandao mmoja wa chumba cha ubaridi, wenye nywila anayoijua yeye tu, na mwingine wa simu. Kila mtandao ulipata fungu lake la namba, na njia kati yao ikafungwa. Asubuhi yake simu zenye namba ya zamani zilikwama.

"Wewe mtoto, namba ya kasi umeipeleka wapi?" Mama Bariki alimuuliza.

"Haikuwa ya kasi, mama. Ilikuwa ya kipimajoto."

"Kumbe jokofu lilikuwa linafaidi peke yake."

Diana alizipanga simu upya ili zijichukulie namba zenyewe. Kisha akazima mashine ya kupoza makusudi, akawaomba wauzaji wapige simu za video wote kwa pamoja. Mama Bariki alikuwa bado anamwonyesha mteja wa Tabora unene wa migebuka wakati simu ya Diana ilipolia.

Diana aliwasha mashine, akaketi juu ya kreti tupu. "Nilifika mahali naogopa hata kusinzia," alisema.

"Leo kalale basi," Mama Bariki alimwambia. "Sura hiyo inatufukuzia wateja."

Jumatatu wanachama wanarudisha samaki wao chumbani.